Sanda Iliyoimbiwa Kihispania

Jini lililowatia hofu shangazi zangu wote wa Maskati lilikuwa limevaa sanda ya mama yangu.

Lilifika kwenye kundi la familia asubuhi moja nikiwa kazini, kipande kifupi cha video kisicho na sauti. Nyumba kongwe ya udongo, mlango uko wazi, kitanda cha kamba chini ya dirisha, na juu ya kitanda kitu cheupe kimelala. Halafu kile kitu kinakaa. Hakijiinui kwa mikono kama mtu anavyoamka. Kinakaa moja kwa moja, kiwiliwili chote, uso umefunikwa, na kifuani kuna doa jekundu linalotanuka. Chini yake mtu ameandika kwa Kiarabu kwamba hayo yametokea Bustan, hapa hapa mjini, na aliyepiga picha yuko mahututi. Shangazi wa kwanza akaleta aya za kujikinga. Wa pili akasema si Bustan, ni Qurum, kwenye mikoko, na mtoto wa jirani yake alipita hapo na gari akaliona kwa macho yake. Wa tatu, ambaye hata msibani huuliza maswali, akataka kujua kama majini huvaa sanda, na kama huvaa, nani anawakatia.

Nilikaa na simu mkononi, chai inapoa mbele yangu. Ningeweza kuwaambia jini lile lilizaliwa hospitali gani na lilikuwa na kilo ngapi, maana nimelizaa mimi.

Binti yangu wa mwisho alikaa miaka miwili Uhispania akisomea mavazi na urembo wa filamu. Kwetu watu husomea uhandisi, udaktari au mahesabu ya benki, kwa hiyo nilipoulizwa na jamaa nilikuwa nasema anasomea sanaa, nikibadilisha mazungumzo haraka. Alirudi na Kihispania chake, na leo anafanya kazi na watu wa matangazo ya biashara hapa mjini. Anapaka watu nyuso, anawavika, anawatia majeraha ya uongo. Mara ngapi amekaa mezani kwangu na kucha zenye damu ya rangi, nami nimemfukuza akanawe.

Huko alikosoma alipata rafiki, kijana mwembamba mwenye hereni, mwimbaji wa rapu. Si mtu maarufu. Alikuwa anatoa wimbo mmoja tu, peke yake, nao alitaka uwe na video ya kutisha. Binti yangu alikuwa amemtumia picha za vijiji vyetu vilivyohamwa, nyumba za udongo zinazomomonyoka chini ya milima, na yule kijana akaona huko ndiko maiti wake atakakofufuka. Akaja na wenzake wachache na mabegi ya kamera. Walilala hotelini, lakini kula walikula kwangu, Mawaleh.

Mama yangu alimpenda papo hapo. Mama anaishi nami tangu baba alipofariki, na kitu kinachomkera kuliko vyote ni mgeni anayechokonoa chakula. Yule kijana alimaliza bokoboko sahani nzima, akafuta samli kwa kidole, akaomba nyingine. Mama akasema, "Huyu kalelewa." Hakuna mkwe wangu hata mmoja aliyewahi kupewa cheti hicho.

Wimbo wenyewe nilisikilizishwa jikoni kabla ya kupigwa picha. Mwanamume anamtelekeza mwanamke mgonjwa, hamziki, anajenga maisha yake pengine. Mwanamke anatoka alikolazwa na kumfuata. Kiitikio, binti yangu alivyonifasiria, kinasema: ulinifungia mlango, nitaingia na upepo. Mimi Kihispania sijui hata salamu, lakini hasira niliielewa. Maneno yalikuwa yakimtoka yule kijana kama bisi kwenye sufuria lenye kifuniko, na chini yake ngoma nzito iliyoyatetemesha magilasi yangu kabatini. Nikamwambia binti yangu ni mzuri, apunguze sauti.

Sasa nieleze habari ya sanda, maana asiye wa kwetu anaweza kushangaa.

Mama yangu ana sanda za kutosha mtaa mzima. Mtu wetu akienda Umra au Hija na akataka kumfurahisha mzee, humletea bafta iliyofuliwa kwa maji ya Zamzam. Wengine huletewa tende na tasbihi. Mama, kwa vile kila mtu anajua ni mcha Mungu, huletewa sanda. Huipokea kwa mikono miwili, huomba dua, na ile bafta huja kwangu niiweke. Mimi huziweka stoo, juu ya mabakuli ya Idi. Siku moja nilimwambia mume wangu kwamba nyumba yetu ina sanda nyingi kuliko taulo, akasema nisimfanyie mzaha wa namna hiyo kabla hajala.

Lakini sanda yake mwenyewe ni nyingine. Hiyo aliinunua Makka pamoja na baba, katika Hija yao ya pekee. Walikatiwa kutoka jora moja, yake na ya baba, mkasi mmoja, siku moja. Wakazifua wenyewe kwa Zamzam na kuzianika kwenye paa la nyumba waliyopanga, wakikaa chini yake kuzilinda na upepo. Ukingo wa jora lile una uzi mmoja wa buluu uliofumiwa humo humo kiwandani. Baba alitangulia akaitumia yake. Siku ile tulipoitoa kabatini, mama alisimama mlangoni bila kulia, akaniambia, "Sisi tumetoka kwenye jora moja, mwanangu. Na miye nitamfata na kipande changu."

Kila mwaka, Shaaban, huitoa kutoka kwenye kisanduku chake. Huitundika chumbani ipunge hewa, huifukiza udi, huiongezea karafuu maiti, huikunja tena. Huizungumzia kama mtu anavyozungumzia miadi ya kliniki. Wageni wakimkuta hutoka wakisema mashallah, Bi Mkubwa yuko tayari, laiti sote tungekuwa hivyo. Na mimi nilisema hivyo hivyo. Niliringa kabisa. Wenzangu mama zao walikuwa wanalia usiku na kuomba warudishwe utotoni. Mama yangu anakunja sanda yake huku akiuliza mchele umepanda kiasi gani.

Yaliyotokea yalitokea kwa sababu ya kiyoyozi. Cha chumbani kwa mama kilikufa, mafundi wakaja, na mimi nikahamisha kila kitu chake stoo, pamoja na kile kisanduku, ambacho kufuli lake lilishavunjika zamani. Wiki hiyo hiyo binti yangu akagombana na mwongozaji wao juu ya vazi la maiti. Kitambaa walichokuja nacho kiling'aa mbele ya taa kama pazia la harusi. Naye akakumbuka zile sanda za zawadi.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, alituonesha video iliyokwisha kutengenezwa. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu arudi. Akaiweka kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, mume wangu kwenye kochi, mama kwenye kiti chake cha mgongo mrefu, mimi nimesimama na sinia la kahawa. Ikaanza. Mlango wa kijijini, mbwa anabweka, ngoma inaingia, kijana wetu wa bokoboko anatembea na tochi huku akitema maneno yake. Halafu kitanda. Halafu yule mweupe anakaa.

Kamera ilimsogelea. Ikapita polepole kwenye ukingo wa nguo, na pale nikauona uzi wa buluu.

Nikalitua sinia mezani. Nilimwangalia mama. Macho yake yana mtoto wa jicho, moja limefanyiwa operesheni na moja bado, lakini alikuwa ameinama mbele, mkono kidevuni, anafuatilia kila kitu. Damu ya uongo ikaanza kupenya kifuani. Yule maiti akatoka nje, akapita kwenye mkunazi, miba ikamng'ang'ania, akaivuta nguo ikachanika. Muziki ulipokwisha, mume wangu akapiga makofi. Binti yangu akageuka kwa bibi yake.

"Bibi, umeonaje?"

Mama alifikiri. "Huyo maiti kavikwa vibaya," akasema. "Kichwani pamelegea. Na miguu iko nje, kwa nini miguu iko nje? Huko kwao hamna mtu wa kumfunga?"

Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, kicheko cha mtu anayetafuta mlango.

Nilimvuta binti yangu jikoni, nikafungua bomba la maji ili tusisikike.

"Ile nguo umeitoa wapi?"

"Ipi?"

"Usinifanye mjinga. Ile uliyovaa."

Maana maiti alikuwa yeye. Msichana waliyemkodi aliona popo ndani ya ile nyumba akakimbilia garini, akakataa kutoka.

"Stoo. Zile za zawadi. Mama, ziko nyingi, na Bibi hazitumii..." Akajisikia alichosema, akaziba mdomo.

"Hazitumii," nikasema. "Ulitaka azitumie mara ngapi?"

Alinieleza huku akilia. Alizipapasa zote, kama walivyofundishwa kupapasa vitambaa. Zile mpya zilikuwa ngumu, zina wanga. Moja ilikuwa laini, inashuka mwilini vizuri, na ndani ya kamera ingependeza. Kile kisanduku kilikuwa wazi katikati ya bafta nyingine. Hakujua ni cha nani. Zote ni nyeupe. Uzi wa buluu aliuona, akauona ni mzuri.

Nikamwambia mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi ndiye huyo, nimemchelea na sasa nalia. Nikamwambia mengine ambayo sitayaandika. Kisha nikamwambia ailete.

Alikuwa ameificha chini ya kitanda chake, ndani ya mfuko wa duka. Tayari ameshaifua kwa mashine. Damu ile, rangi ya chakula na sharubati ya bizari nyekundu na sijui nini tena, ilikuwa imegeuka waridi, doa kubwa kama sahani, pale pale kifuani. Ukingo mmoja umechanika. Niliiweka puani. Udi wa miaka yote ile umekwenda, karafuu maiti imekwenda. Ilinukia sabuni ya unga.

Niliilowesha kwa ndimu na chumvi. Nikaianika juu ya paa, nikiwa nimeificha nyuma ya matangi ya maji, nikapanda kuigeuza kila nikipata nafasi, mtu mzima mwenye maumivu ya goti. Dawa kali niliogopa, bafta ya zamani ingeweza kuachia kabisa. Doa lilififia, likakataa kuondoka.

Na hapo ndipo roho yangu ilipoanza kukaa juu juu. Mama ana presha, ana moyo usiopiga sawasawa, na ana umri. Kumwogopea nilishazoea, ni kama kuishi karibu na barabara kubwa, husikii tena magari. Lakini sasa hofu ilikuwa na sura mpya. Nilikuwa siogopi tu kwamba mama atakufa. Niliogopa atakufa wiki hii. Akikohoa, naiona ile nguo juu ya paa. Akichelewa kutoka chooni, nasimama nje ya mlango nikijifanya natafuta ufunguo. Kazini niliacha mikutano katikati nikampigia simu kumuuliza amekula nini. Alfajiri nilikuwa nikisimama kizingitini kwake, naangalia shuka kama linapanda na kushuka, na likipanda namshukuru Mungu na kurudi kuhangaika upya. Nilijiona tayari nimesimama mbele ya wanawake waoshaji, wananiambia haya, tupe sanda yake, wote wanaijua, wote wameshaonyeshwa, na mimi nawapa nguo yenye doa la waridi au nawapa ya mtu mwingine. Ameniomba kitu kimoja tu katika maisha yake yote, kumfuata baba na kipande chake, na kitu hicho kimoja nimekipoteza stoo kwangu.

Mume wangu alisema nimwambie ukweli. Wanaume husema hivyo juu ya mama za watu. Nilimjibu kwamba presha ya mama haitaki ukweli, inataka vidonge na utulivu, na Shaaban inaingia.

Kisha ndipo lile jini likatoka. Mtu fulani alikata kipande cha video, akaondoa wimbo, akakitupa mitandaoni. Yule kijana alimwandikia binti yangu kutoka kwao, amefurahi, watu wanautafuta wimbo wake kutoka nchi ambazo hajui ziko wapi. Kwangu ilikuwa balaa. Shangazi zangu wana macho. Wale ndio waliokuwa wakikaa na mama kitandani kwake kila mwaka, wakipitisha vidole kwenye uzi ule wa buluu na kusema mashallah. Kila simu ilipolia nilingoja mmoja aseme, mbona kama naijua hii nguo.

Mmoja alimpigia mama moja kwa moja kumhadithia. Mama akaniita.

"Wanasema jini kaonekana Bustan. Nionyeshe."

"Mtandao umekatika, Mama."

"Umekatika nyumba nzima, au kwako tu?"

"Nyumba nzima."

"Mbona mumeo anacheka na simu huko sebuleni?"

Nikasema nitaona. Sikumwonesha. Akanitazama kwa jicho lake zima, kisha akaniomba maji.

Ndipo nikafanya nilichofanya, na sioni haya kukisema, kwa sababu mwenye mama mzee atanielewa. Nilichagua moja kati ya zile sanda za zawadi, iliyofanana zaidi. Nikaichemsha mara kadhaa kutoa wanga, nikaisugua kwa mikono mpaka ikalainika. Jirani yangu alikuwa na dumu la Zamzam, nikaisuuzia. Nikaifukiza udi ule ule wa mama kwa siku nyingi, mume wangu akiuliza kama kuna harusi. Nikatia karafuu maiti. Halafu nikauangalia ukingo, mweupe mtupu, nikaona bila uzi wa buluu kazi yote ni bure. Nikanunua kibunda cha uzi, nikafunga mlango wa chumba changu, nikavaa miwani na kuanza kupitisha sindano, mshono mdogo mdogo, ukingo mzima. Binti yangu alikaa nami akikata uzi. Vidole vilinichoma, na kazi iliponyooka nilijipa moyo kwamba ndiyo hiyo hiyo.

Siku ikafika. Baada ya sala ya alasiri mama aliagiza chetezo. Kisanduku kilikuwa kimesharudi chumbani kwake, na ndani yake kazi yangu, imekunjwa alivyokuwa akikunja yeye. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kanga yake ya nyumbani, jua limeingia hadi miguuni pake. Nikampa ile nguo mikononi.

Aliileta puani. Akavuta pumzi, akatingisha kichwa, na mimi nikaanza kupumua. Akaikunjua mapajani. Akaanza kupitisha kidole gumba ukingoni, kama afanyavyo siku zote, polepole, akiutafuta uzi. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo. Kikasimama tena.

"Tangu lini," akasema, "sanda yangu ikapigwa sindano?"

Kwetu sanda ya akiba haipitishwi sindano. Mtoto wa madrasa analijua hilo. Najua hivyo tangu nikiwa na meno ya utotoni, na nilikaa chumbani na miwani yangu nikaishona sanda ya mama yangu ukingo mzima bila hata mara moja kukumbuka.

"Mama, kulikuwa na panya stoo..."

Aliinua mkono. "Mwite mtoto."

Sikuwa na haja ya kumwita. Alikuwa nje ya mlango. Aliingia na ile sanda ya kweli mikononi, ameikunja vizuri, akapiga magoti chini akamwekea bibi yake mapajani, juu ya ile yangu ya uongo. Nilimtazama mama usoni, nikatazama kifua chake, nikahesabu moyoni vidonge vyake viko droo gani.

"Bibi, nisamehe. Lile jini ni mimi."

"Nnajua," mama akasema.

Binti yangu akainua uso.

"Nilikuona Ijumaa ile. Nguo sikuijua, macho yangu mnayajua. Lakini miguu niliiona. Miguu ile nimeiogesha miye tangu una siku saba, nisiijue? Nikasema mtoto huyu kajilaza maiti. Kisha mama yako kaanza kunichungulia alfajiri kama mwizi, hana mtandao, kaifukiza nyumba mpaka paka kakimbia. Nikajua kuna jambo la sanda."

"Mbona hukusema, Mama?" nikamuuliza, na sauti ilinitoka kwa ukali. Nilikasirika. Wiki zote zile sikula, sikulala, na yeye amekaa kwenye kiti chake cha mgongo mrefu anajua.

Alikunjua sanda yake, akaliona doa, akaweka kiganja juu yake. Nilidhani atalia. Alisema tu, "Jora ni lile lile." Kisha akamgeukia mjukuu wake, akainama, akashusha sauti kana kwamba mimi simo chumbani.

"Ulilala muda mrefu ndani yake?"

"Kutwa nzima, Bibi. Tulirudia rudia."

"Na uso umefunikwa?"

"Umefunikwa."

"Kuna joto?"

Binti yangu alinitupia jicho. Mimi nilikuwa namtazama mama mikono. Ilikuwa inatetemeka, mikono ile iliyoikunja sanda kila mwaka mbele ya wageni bila kutikisika, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni kila mwaka nikiringa.

"Kuna joto kidogo," binti yangu akasema.

"Pumzi zinapita?"

Ningekuwa mimi, ningemkatiza. Ningesema, Mama, acha maneno hayo, utatuzika sote, inshallah. Nimeshayasema mara nyingi, na kila nilipoyasema alinyamaza na kuuliza bei ya mchele. Binti yangu hakusema hivyo. Alikaa vizuri sakafuni, akafikiri, kisha akamjibu kama mtu aliyetumwa mahali akaja kutoa habari.

"Zinapita. Lakini mwanzo niliogopa, Bibi. Nikivuta pumzi kitambaa kinakuja mdomoni. Nikaona kama nimefungiwa, nikataka kupiga kelele. Halafu nikawasikia wenzangu pembeni. Walikuwa wanagombana mambo ya taa, mmoja anacheka, mmoja anatafuta viatu vyake. Hofu ikapungua."

"Wakinyamaza?"

"Wakinyamaza inarudi."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolishuku kwa miaka mingi. Akaanza kuikunja sanda, doa kwa ndani, na safari hii alikosea mkunjo akalazimika kuanza upya.

"Miye nnaogopa," akasema. Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida. Katika umri wangu wote sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Kisha akaniangalia mimi. "Siku hiyo msininyamazie. Qur'ani mtasoma, nnajua, someni. Lakini mkishanifunika, kabla hawajanichukua, zungumzeni. Sitaki kukaa na ukimya. Gombaneni hata juu ya sufuria. Umesikia?"

Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya umri mrefu na ya inshallah, yamenipanda hadi kooni. Niliyameza. Nikakaa kitandani upande wake wa pili, bega langu likigusa lake, nikamwambia, "Nimesikia, Mama." Nikaona nisipofanya kitu nitaangua kilio na nitamtisha zaidi, basi nikamgeukia binti yangu pale sakafuni nikaanza kumgombeza, kwa sauti kubwa, juu ya damu za rangi anazoniachia kwenye taulo, na viatu vyake ukumbini, na yule Mhispania aliyemaliza samli yangu yote. Alinitazama, kwanza kwa mshangao. Halafu akaelewa, naye akaanza kunijibu, neno kwa neno, tukapandishiana mpaka mume wangu akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Mama alikuwa amefumba macho, anasikiliza.